Niliposimama Mstari wa Nyuma

Nakumbuka Jumamosi moja ya kipupwe, mwanangu, Jumamosi ya ukungu na baridi ile ya Njombe inayopenya mpaka kwenye meno. Mwingereza alikuwa bado yuko bomani, nami nilikuwa kijana niliyeanza tu kuota ndevu, kibarua katika mashamba ya miwati. Mchana wa siku hiyo nilimpiga rafiki yangu ngumi moja, akaanguka. Tangu alipoanguka mpaka nilipojua kama ataishi au atakufa, sikumeza tonge. Nitakusimulia yote, lakini taratibu, kwa maana jambo hili halikuanza siku ile. Lilianza nilipokuwa mtoto wa kukaa jikoni.

Nilizaliwa na kifua kibovu. Wenzangu walipokwenda kuchunga ng'ombe kwenye umande, mimi nilibaki na mama kando ya moto, nimejifunika blanketi, nakohoa. Wageni waliokuja kutusalimu walinitazama kwa huruma, na mama aliwaambia, "Huyu ni wa kuombewa tu." Mtoto akiambiwa neno kila siku hulivaa kama shati. Nami nililivaa.

Jirani yetu alikuwa na mwana wa rika langu, jina lake Festo. Nilipopata nafuu na kuruhusiwa kwenda machungani, tulishindana mieleka kwenye nyasi, na Festo aliniangusha kila mara. Aliniangusha kwa upole, kisha akanishika mkono, akanikung'uta majani mgongoni. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Alijua tu kwamba yeye ni mzito na mimi ni mwepesi. Mimi nikajifunza kwamba Festo ana nguvu na Zakaria, yaani mimi, hana. Somo hilo lilikuwa kweli wakati ule. Ubaya wake ni kwamba miaka ilipita na sikulitazama tena.

Nilipokua nikaenda kutafuta kazi kwenye miwati. Kazi yetu ilikuwa kubandua magome ya miti hiyo, yanayotumika kutengenezea ngozi. Unauchana mti kwa panga, unaingiza vidole, unavuta gome mpaka lilie, kisha unafunga mzigo na kuubeba begani hadi kando ya barabara lori lilipo. Mwaka wa kwanza mabega yaliniuma hata nikalia. Mwaka wa pili sikulia. Kile kifua nacho kilipona, sijui lini. Mwili, mwanangu, hukua bila kumpigia hodi mwenye mwili. Nilikuwa nabeba mizigo miwili pale wengine walipobeba mmoja, na bado nilijiona yule mtoto wa blanketi.

Mlinzi mkuu wa kambi yetu alikuwa mtu wa makamo aliyepigana vita vya Burma. Tulimwita Koplo Mgaya. Jeshini alifundishwa masumbwi, akarudi nyumbani na jozi mbili za glavu za ngozi zilizochanika, akazishona kwa uzi wa gunia. Jumamosi tulifanya kazi nusu siku, na tukishakula Koplo alitukusanya kwenye uwanja wa kuanikia magome akatufundisha. Hakuwa mtu wa kelele. Alikushika bega akakugeuza kidogo, akakusogeza mguu kwa ncha ya kiatu chake, akasema, "Hapo," na ngumi yako ikawa nyingine kabisa.

Alitupanga mistari mitatu. Wa nyuma walikuwa wageni wa mchezo. Wa kati walikuwa wameanza kujua. Wa mbele ni wale ambao angeweza kuwapeleka kupambana na vijana wa mahali pengine. Kila Jumamosi mtu alijichagulia mstari mwenyewe, kisha Koplo akapita akitazama. "Mimi naona mikono," alituambia. "Kilichomo ndani ya mtu anakijua mwenyewe. Basi simama penye ukweli wako." Na alikuwa na sheria moja ambayo hakutaka ivunjwe. Mtu wa mbele asivae glavu na mtu wa nyuma bila yeye kuwepo. Koplo akiwa hayupo, wa nyuma wacheze na wa nyuma wenzao.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo wengi walijipeleka mbele kabla ya wakati wao. Hao walirudishwa kwa kipigo na kicheko. Lakini hakuna aliyewahi kuchekwa kwa kusimama nyuma, na hapo ndipo nilipopata maficho yangu. Wenzangu nilioanza nao walihamia kati, wengine wakaenda mbele, mimi nikabaki na wageni. Mara mbili Koplo alinishika mkono akanipeleka mstari wa mbele, na mara mbili Jumamosi iliyofuata nikarudi nyuma kimyakimya.

"Zakaria," aliniambia siku moja, "mstari huo si wako."

"Bado sijui, Koplo."

"Juzi ulikwepa ngumi zote za Ombeni, na Ombeni ni wa mbele."

"Ilikuwa bahati tu."

"Bahati haiji kila Jumamosi," akasema, akaenda zake.

Watu wengine walinisifu. Mnyapara alisema kijana huyu hana majivuno. Mwinjilisti aliyekuja kutusalisha kambini alinitaja mbele ya watu kama mfano wa mtu anayejishusha. Sifa ya unyenyekevu ni tamu, mwanangu, tena huilipii chochote, ndiyo maana inalevya kuliko ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ukiniuliza kama niliamini kweli kwamba sijui kitu, nitakujibu kwamba nusu niliamini na nusu niliogopa. Mtu wa nyuma hakuna anayemtegemea. Akishindwa, si habari. Na wakati ule Koplo alikuwa ameanza kusema habari za Makambako, pale njia panda ya malori, ambako madereva na mafundi walikuwa na kundi lao la ngumi. Alitaka kupeleka vijana wake huko. Kila aliponitupia jicho nilizidi kujisogeza nyuma.

Ndipo Festo akaja kambini. Tulikuwa hatujaonana tangu nilipoondoka kijijini. Alikuwa Festo yule yule, mchangamfu, mwenye mabega mapana, ila mimi sikuona kwamba sasa nilimtazama tukiwa kimo kimoja. Alipewa kitanda karibu na changu. Jumamosi ya kwanza alisimama mstari wa nyuma kwa kuwa ni mgeni, akafurahi kuniona hapo. "Tuko pamoja," akasema.

Jumamosi ninayokusimulia ilikuwa ya pili kwake. Koplo alikuwa ameitwa bomani, akatuachia glavu na ile sheria yake. Festo akavaa, akanirushia jozi ya pili.

"Njoo tucheze kama zamani."

"Utaniua," nikamwambia nikicheka.

Sikuwa natania kabisa. Nilimwogopa kweli. Ombeni, yule wa mstari wa mbele, alikuwa ameketi juu ya gogo akimenya kiazi cha kuchemsha. Akasema, "Zakaria, polepole na mgeni."

"Yeye ndiye wa kuambiwa polepole," nikamjibu.

Ombeni akarudi kwenye kiazi chake. Angenipinga vipi? Kwa mujibu wa mistari, wote wawili tulikuwa wa nyuma, na sheria haikuvunjwa.

Festo alikuja akirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Niliona kila ngumi kabla haijafika. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini anaziona. Mimi niliona Festo wa machungani tu, nikafikiri kwamba nisipompiga kwa nguvu zangu zote hatahisi kitu, na akinikamata nitakwenda chini. Alipoinua mkono nikaingia chini yake, nikageuza bega na nyonga kama nilivyofundishwa, nikaachia. Nilidhani natupa kokoto kwenye ukuta wa mawe. Maji ya kifuu bahari ya chungu, walisema wahenga, na siku ile mimi ndiye niliyemwaga kifuu bila kutazama chini. Festo hakupiga kelele. Alianguka chali, na kisogo chake kikagonga gogo.

Tulimwita, tukammwagia maji, hakuamka. Ombeni alikimbia kumwita mtu wa dawa wa kambini, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa kwinini na kufunga vidonda. Akaja, akafunua jicho moja la Festo, akasimama haraka. "Hiki ni kichwa," akasema. "Mimi sina dawa ya kichwa. Mpelekeni hospitali ya misheni, Ilembula."

Tukatengeneza machela kwa blanketi na miti miwili, tukashika njia ya kwenda barabara kuu. Nilibeba upande wa kichwa. Kila hatua niliutazama uso wake, na kila nilipoona kifua hakipandi upesi, nilimwita jina lake. Njiani tukakutana na Koplo Mgaya akirudi kutoka bomani kwa baiskeli. Alishuka, akainama juu ya machela.

"Nani?"

"Mimi, Koplo."

"Alikuwa mstari gani?"

"Wa nyuma."

"Na wewe?"

Hakungoja jibu langu. Aliilaza baiskeli yake majanini, akampokea Ombeni mti, akamtuma arudi kambini kuituma habari kwa mama yake Festo. Hakuniambia neno jingine mpaka barabarani. Heri angenitukana.

Lori la mbao lilituchukua. Koplo na mimi tulikaa juu ya mbao tumemshika Festo asirushwe na mashimo, kichwa chake juu ya mapaja yangu. Kabla hatujafika Makambako akafumbua macho.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamweleza. Punde akauliza tena, "Tunakwenda wapi?" Nikamweleza tena. Alipouliza mara nyingine furaha yangu ikapoa, nikamtazama Koplo. Koplo alikuwa anatazama barabara.

Makambako ya wakati ule, mwanangu, haikuwa mji huu unaoujua. Reli haikuwepo. Palikuwa na maduka machache ya bati, malori yaliyoegeshwa, na upepo ule ambao haujahama mpaka leo. Tulimketisha Festo kwenye baraza ya duka moja, tukangoja gari la kuelekea upande wa Ilembula. Mwenye duka alimpa chai. Alikunywa, rangi ikamrudia usoni, akaacha kuuliza maswali yale yale. Akaanza hata kucheka.

"Zakaria, umekula nini huku kwenye miwati?" akasema akijishika taya. "Turudini jamani. Kichwa kinauma kidogo tu. Nisipofika kazini Jumatatu mnyapara atanifukuza."

Nikamwambia Koplo, "Amepona. Tungerudi naye."

Koplo alikuwa amesimama na kola ya koti lake juu, amekinga upepo. "Nilimwona mtu Burma," akasema polepole, "kipande cha mti kilimgonga kichwa. Akaamka, akanywa chai, akaniomba kitana. Jioni tulimzika." Akageuka kuangalia barabara tena. "Tutakwenda."

Tangu hapo chai aliyopewa Festo sikuipenda tena. Kila alipocheka, nilimwogopa.

Tulifika hospitali wakati taa zinawashwa. Alitupokea dresa, yaani yule mwuguzi wa kiume, mtu wa makamo wa huku huku kwetu aliyevaa koti jeupe. "Kamwene," akatusalimu, tukamwitikia. Alimpima Festo mapigo, akamwambia afuate kidole kwa macho, akamwuliza jina la kijiji chake. Festo alijibu yote vizuri. Kisha dresa akatugeukia.

"Nani aliyempiga?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Nisikilize, kijana. Huyu sasa anaonekana mzima. Wodi imejaa, wagonjwa wengine wamelala chini, na daktari amechoka tangu asubuhi. Kama aliguswa tu na mwenzake katika mchezo, nitampa dawa ya maumivu mrudi naye kesho kwa gari la kwanza. Lakini kama alipigwa na mtu ajuaye kupiga, kisha akagonga gogo, damu inaweza kuwa inavuja ndani polepole. Huyo simwachii aondoke, na daktari namwita sasa hivi. Mimi sikuwepo. Niambie wewe. Ni ngumi ya mtu wa namna gani?"

Hapo, mwanangu, jibu lilikuja mdomoni lenyewe, maana lilikuwa limekaa hapo tangu utoto. Kwamba mimi sina nguvu. Kwamba mimi ni mwanafunzi tu, najifunza. Kwamba ilikuwa bahati. Festo mwenyewe alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba niseme hivyo, ili arudi kazini. Tena ningesema hivyo ningepata usingizi, kwa kuwa mtu asiye na nguvu hawezi kuwa ameua. Nilifungua mdomo.

"Mchezo tu, bwana dresa," nikaanza. "Mimi bado—"

"Zakaria." Koplo hakupaza sauti. "Leo husimami mstarini. Mwambie mtu huyu kweli."

Sikujua kweli nitaianzia wapi. Nilitazama chini, nikaiona mikono yangu ya kazi, minene, iliyopasuka kwa utomvu wa magome. Nikasema kama mtu anayekiri wizi, "Najua kupiga. Nimefundishwa miaka miwili. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, kwa bega na nyonga, hakujikinga kabisa. Nguvu zangu ni nyingi, bwana. Katika kambi yetu sidhani kama wapo wawili wanaonizidi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuyasema maneno hayo. Sikuona fahari.

Dresa hakuniuliza lingine. Alimshika Festo mkono akampeleka ndani, na nikasikia viatu vyake vikienda haraka kumwita daktari.

Festo alilazwa, na waliamua kumwangalia kila baada ya muda mfupi. Mimi na Koplo tulijikunyata kwenye banda la wanaosubiri wagonjwa. Asubuhi ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wanaingia kanisani na nguo zao safi, kengele inalia, nami nikaenda kwenye dirisha la wodi kumsalimu. Festo hakunijibu sawasawa. Ulimi wake ulikuwa mzito. Alitapika, kisha akaanza kusinzia, na jicho lake moja mboni ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Yule dresa aliyekuwa anamwangalia alimwita daktari mara moja. Wakampitisha mbele yetu kwenye kitanda cha magurudumu, kichwa kimenyolewa upande. Walikwenda kumtoboa fupa la kichwa ili damu itoke.

Wakati huo wote kanisa liliimba. Nyimbo nilizozijua tangu utoto, na siku ile sikuweza kufuata hata mstari mmoja. Nilikaa kwenye benchi nikitazama mlango. Mlango ukifunguliwa nilisimama, ukifungwa niliketi tena. Mwishowe nikamwambia Koplo, "Mimi sikujua."

Akanigeukia.

"Hukutaka kujua," akasema. "Hayo ni mambo mawili. Unafikiri mistari yangu niliiweka kwa ajili ya sifa? Mtu aone yuko mbele afurahi? Niliiweka kwa ajili ya Festo. Mgeni akimwona mtu wa mbele, ajue kujihadhari. Mtu wa mbele akimwona mgeni, ajue kupunguza mkono. Wewe ulisimama mahali ambapo hakuna aliyeweza kujihadhari nawe, wala wewe kupunguza. Mwenye majivuno, Zakaria, huvunjwa pua yake mwenyewe. Wewe ulijishusha, na aliyevunjika ni mwenzako."

Kisha akaongeza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha, "Nami nilikuona, nikakuacha. Hilo nitalijibu mimi."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na unyenyekevu wangu wote ule, ukiutazama vizuri, ulikuwa mzaha.

Watu walipokuwa wanatoka kanisani, daktari naye alitoka, Mzungu mrefu mwenye jasho usoni licha ya baridi ile. Alizungumza na dresa, dresa akaja kwetu. "Damu imetoka," akasema. "Sasa ni kumngoja. Lakini kama angekuwa ndani ya gari asubuhi hii, mngefika nyumbani na maiti." Alinitazama mimi alipolisema hilo, wala si kwa ukali.

Mama yake Festo alifika siku ya pili yake, miguu imejaa vumbi. Nilipomwona anakuja nilitaka kukimbilia msituni. Huyu ndiye aliyekuwa akiniletea uji mama yangu anapokuwa shambani. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyempiga."

"Nimeambiwa," akasema. Aliishika mikono yangu akaigeuzageuza, kama mtu anayekagua jembe la kuazima. "Nilipokuwa njiani nilijiambia, Zakaria hawezi, yule mtoto wa kifua. Kumbe umekuwa mtu mzima na sisi wote hatukuangalia." Akaiachia. "Mwanangu akifa sijui nitakutazama vipi. Akipona utamlimia shamba mpaka apate nguvu. Sasa niache niingie nimwone."

Siku zile za kungoja sitaki kuzisimulia moja moja. Festo alifumbua macho, akalala tena, akajua jina lake, akamjua mama yake, na mwishowe akanijua mimi. Alipona. Sikio la kushoto halikusikia tena, na kwenye miwati hakurudi. Nililima shamba lake misimu yote aliyohitaji, la mahindi na la viazi, na tulizeeka tukiwa marafiki. Ila kila aliponigeuzia sikio la kulia ili anisikie, mimi nilijua kwa nini.

Kambini nilirudi nikiwa nimeapa kutovaa glavu tena. Koplo alikataa. "Ukiacha sasa," alisema, "utakuwa umekimbilia nyuma kuliko nyuma." Jumamosi hiyo nilisimama mstari wa mbele mwenyewe, masikio yakiniwaka. Hakuna aliyecheka. Baadaye tulikwenda Makambako, na huko nikapambana na fundi mmoja wa magari, mtu mfupi, kimya, mwenye miguu myepesi kama paka. Alinipiga, mwanangu, tena alinipiga sawasawa, mpaka Koplo akainua mkono kusimamisha. Niliporudi nyumbani na jicho limevimba nilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuwa nao. Nilijua nani namzidi na nani ananizidi, na kwa mara ya kwanza niliweza kucheza na mgeni nikampunguzia mkono hata akafurahi mchezo.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi nilikusikia. Umerudi likizo na mkanda wa karate wa rangi mpya, wadogo zako wakataka uwafundishe, na mjomba wako alipokuuliza umefikia wapi, ulitazama chini ukasema, "Mimi sijui kitu." Wote wakakusifu kwa adabu zako. Mimi nilipoteza usingizi.

Wazee tumezoea kuwaonya vijana wasijikweze, na ni sawa, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Lakini mimi nakuonya na upande wa pili ambao watu hawausemi. Kujipunguza pia ni kusema uongo. Usijipime kwa mtoto uliyekuwa, wala kwa sifa za watu, wala kwa hofu yako. Jipime kwa waliokushinda na kwa uliowashinda, na umwulize mwalimu wako, kisha umwamini hata akikuambia jambo linalokuogopesha. Mtu akikuuliza unajua kiasi gani, mwambie kiasi hicho hicho, bila kuongeza chumvi na bila kumwaga mchuzi. Uwezo ulio nao ni haki ya mwenzako kuujua, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama mbele ya mkono wako. Na kila mwaka jipime upya, maana mwili haumngoji mwenyewe. Ukiona aibu kusema, "Hili naliweza," kumbuka kwamba aibu ya dakika moja huoshwa na maji, na mimi nakujulisha yapo mengine ambayo maji hayaoshi.

Mungu wa baba zetu akujalie mkono wenye nguvu na moyo unaojua nguvu hizo zinaishia wapi. Akupe mwalimu asiyekuficha, na rafiki atakayekustahimili. Nenda kacheze, mwanangu, na kila unapocheza, wewe na mwenzako mrudi nyumbani mkitembea kwa miguu yenu wenyewe.